Staa Anawachana Vijana Hawana Umakini, Simu Yake Mwenyewe Anaishika Nani?

Jina lake kapuni, ila wa mjini wanamjua. Ana wafuasi kibao, ana sauti ya kushawishi, na siku hizi kajiongezea cheo: mhamasishaji. Kila wiki anaingia laivu kuwachana vijana kwamba hawana nidhamu, simu imewamaliza, wenzao China wanatengeneza magari wao wanashindia umbea. Laivu inaanza saa tano usiku, inaisha saa saba. Katikati anawaomba watu wasitoke, kuna zawadi mwishoni. Zawadi yenyewe huwa ni punguzo la bei ya kozi yake.

Watu wangecheka tu yangeisha. Badala yake wanajaza komenti za "umenigusa kaka", saa saba hiyo usiku, na kesho yake kazini saa mbili.

Kitu ambacho staa hasemi ni kwamba simu yake hashiki yeye. Ana meneja wa kupokea simu za kazi, na kuna dogo analipwa kuposti, kujibu DM na kufuta matusi. Yeye akiingia studio, anaingia studio kweli. Umakini wake umepangwa na watu wengine, halafu anakuja kuuza kwa wenzake kama vile ni moyo wa chuma aliozaliwa nao.

Sasa mchukue dogo wa Mbagala anayejiandaa na mtihani wa Form Six. Pasti pepa ziko kwenye simu, kwenye grupu la WhatsApp. Hela ya kula inaingia kwenye simu hiyohiyo. Mjomba akitaka kumtuma anapiga hapohapo. Unamwambia azime simu asome, asome nini? Ushauri wa "zima simu" ni wa mtu mwenye simu tatu na msaidizi.

Na hiyo simu vijana hawakuitengeneza. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Ukifika chini, unabonyeza kwenda ukurasa wa pili, na ule mbonyezo mmoja ulikuwa unampa mtu nafasi ya kujiuliza: naendelea au nakwenda kulala? Mwaka 2006 mbunifu Mmarekani, Aza Raskin, akabuni ukurasa usioisha, unateremsha kidole na vitu vinazidi kuja. Miaka mingi baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Ni kama daladala iliyoondolewa vituo vyote. Abiria kapitilizwa hadi Gongo la Mboto, halafu konda anamgeukia kumwambia hana nidhamu ya kushuka.

Tena msidhani hao jamaa hawajui kuweka vituo. Wanajua sana. Julai 2018 Instagram waliweka alama ya tiki inayomwambia mtu kwamba ameshaona posti zote mpya za siku mbili zilizopita, za watu anaowafuata. Safi kabisa, mtu anaona amemaliza, anaweka simu chini. Agosti 2020 wakaongeza kitu: chini ya ile tiki zikaanza kuletwa posti za watu ambao wala humfuati hata mmoja. Kituo kikabaki, ila gari likaacha kusimama.

Haikuishia hapo. Walikuwa na sehemu ya kujiwekea kikomo cha muda kwa siku, na mtu aliweza kuchagua dakika 10 au 15. Mwanzoni mwa 2022 hizo dakika 10 na 15 zikaondolewa, kikomo kidogo kabisa kikawa dakika 30. Yaani kijana kaamua mwenyewe, kwa nidhamu ileile anayohubiriwa na staa, kwamba robo saa inamtosha. Programu ikamjibu haiwezekani. Hapo mwenye tatizo la nidhamu ni nani?

TikTok nao Machi 2023 walitangaza kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa walio chini ya miaka 18. Dakika zikiisha, mtoto anaandika namba ya siri anaendelea. Kwenye iPhone ukijiwekea kikomo, muda ukifika inakuletea palepale kitufe cha kupuuza kikomo. Mlinzi anayekukabidhi funguo na kukuuliza kama una uhakika, huyo mlinzi gani?

Wapo watakaosema mtu mzima ajisimamie. Sawa, ajisimamie. Lakini mtu anayejisimamia mwenyewe anapambana na ofisi nzima ya watu wanaolipwa mshahara kuhakikisha anashindwa.

Na inawezekana kabisa kutengeneza kinyume chake, ndiyo maana inauma. Tiki za bluu za WhatsApp zilipokuja Novemba 2014 watu walipiga kelele, na haukupita muda mrefu wakapewa njia ya kuzizima. Grupu ulikuwa huwezi kulinyamazisha zaidi ya mwaka mmoja. Oktoba 2020 ikaja ya kunyamazisha moja kwa moja. Kwa mtu aliyewahi kuwekwa kwenye kamati ya harusi tatu kwa mpigo, hicho ni kitendo cha huruma. iPhone tangu 2021 inaweza kukusanya notifikesheni zisizo na haraka na kuzileta kwa pamoja saa uliyopanga wewe. Hakuna kati ya hivyo kilichohitaji mabadiliko ya tabia ya kijana yeyote. Mtu kakaa ofisini, kabadilisha programu, mamilioni wakapumua.

Shida ni kwamba utulivu umefichwa kwenye mipangilio, mlango wa nne kushoto, wakati kelele inakuja imewashwa tayari. WhatsApp ikiingia kwenye simu mpya, mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kukutumbukiza kwenye grupu mpaka uende mwenyewe ukabadilishe. Ingetakiwa iwe kinyume. Programu ije kimya, anayetaka kelele akaiwashe.

Hili linawahusu pia madogo wa hapa mjini wanaotengeneza programu, maana huwa wanaponea chupuchupu kwenye hii mijadala. Programu za mikopo, za kubeti, za kuagiza chakula, zote zinaiga kidoti chekundu na ujumbe wa "umesahau kitu" wakati mtu hajasahau chochote. Kampuni za simu nazo zinauza bando la usiku: bei chee, linaanza watu wakiwa wamelala, linakufa alfajiri hata kama GB zimebaki. Dogo mwenye hela ya ngama anunue lipi? Atanunua hilo, atakesha ili lisimfie, na asubuhi ataonekana mvivu darasani.

Staa angeweza kusema haya. Ana watu wa kumsikiliza, na hao wenye kampuni ndio wanaomlipa matangazo, kwa hiyo namba zao anazo. Akiamua kuwauliza laivu kwa nini bando linakufa alfajiri, watamjibu. Ila kozi ya nidhamu nani atainunua tena?

Tangazo limeshatoka, Jumapili kuna laivu nyingine. Saa tano usiku. Mada ni umakini, na dogo wa mitandao kaandika kwamba wanaotaka kukumbushwa wawashe kengele.