Mbuni mkubwa usihamishwe

Mkulima wa Ngara au Biharamulo anayejenga nyumba, au kugawana shamba na ndugu zake, hutamani kuondoka na mibuni yake. Tunamshauri asifanye hivyo. Mbuni uliokomaa una mizizi mingi ardhini. Ikikatwa, inayobaki haitoshi kulisha matawi. Utalipa vibarua wa kuchimba, na mti ukauke.

Kwa robusta ipo hatari kubwa zaidi. Mnyauko fuzari, uliothibitishwa Kagera mwaka 1997, husafiri na udongo, miche na mapanga, tena huingia kupitia majeraha. Anayehamisha mti mgonjwa humpelekea jirani yake msiba.

Ikiwa mti umezeeka tu, ukate kisiki kwa mshazari, sentimeta 30 hivi kutoka ardhini, kisha ubakize machipukizi mawili au matatu. Ikiwa ni lazima eneo liachwe, chimba mashimo mapya ya sentimeta 60 kila upande, weka samadi iliyooza, na mvua zikishika panda miche ya vikonyo inayostahimili mnyauko, iliyotafitiwa na TaCRI kituo cha Maruku. Wakati unasubiri mavuno ya kwanza, panda maharage katikati ya mistari.