Kuotesha Utumbo Maabarani Si Anasa

Kwa miaka mingi panya amekuwa shahidi mkuu wa maabara, lakini katika maradhi ya tumbo ushahidi wake una kasoro. Bakteria aitwaye Salmonella Typhimurium, ambaye humwingia binadamu kwa chakula au maji machafu, kwa kawaida humharisha mtu. Panya akilishwa bakteria huyo, kwa kawaida haharishi, bali huugua ugonjwa ufananao na homa ya matumbo.

Kwa sababu hiyo wataalamu waligeukia seli za binadamu. Seli za Caco-2, zilizopatikana katika miaka ya 1970 kutokana na saratani ya utumbo mpana, zikioteshwa hujipanga mfano wa ukuta wa utumbo mwembamba, na bakteria wanaweza kuchunguzwa wakiupenya. Walakini ukuta huo ni wa seli za namna moja tu. Hauna damu wala kinga ya mwili. Mwaka 2009, huko Uholanzi, Toshiro Sato na Hans Clevers walionyesha kwamba seli-shina moja ya utumbo wa panya yaweza kukua ikawa kijiutumbo chenye seli za namna mbalimbali. Kufikia mwaka 2011 jambo hilo lilikwisha kufanyika kwa utumbo wa binadamu.

Je, hayo yatuhusu nini? Mwaka huo wa 2009 ulitangazwa pia uchunguzi wa bakteria waliotoka Malawi na Kenya, ukadhihirisha aina ya Salmonella iitwayo ST313. Aina hii huingia katika damu na kuua, hasa watoto wenye malaria au utapiamlo, na watu wazima wenye virusi vya UKIMWI. Mara nyingi mgonjwa hata haharishi.

Wako wasemao kwamba nchi isiyotosheleza maji safi haina haja ya utaalamu huu. Ni kweli kwamba kisima na choo havipaswi kungojea maabara. Lakini kisima hakitatueleza kwa nini utumbo wa mtoto mwenye utapiamlo hushindwa kumzuia adui huyu. Vyuo vikuu vyetu na vishirikiane kuanzisha maabara moja ya seli, ianze na Caco-2 na bakteria wa hospitali zetu, kisha iendelee na tishu zitolewazo kwa ridhaa ya wagonjwa. Tukiwaachia wengine maswali yetu, tusishangae wakijibu ya kwao.