Kijibwa apate kadi kwanza, boksi baadaye

Mpangaji wa Kilosa mjini anayeamua kufuga mbwa huanzia palepale wanapoanzia wengi. Mtaani kuna wizi, au watoto wamelilia mnyama, au jirani ana jike aliyezaa sita na sasa anagawa bure. Basi linatafutwa boksi, gunia la kulalia linafuliwa, sufuria ya zamani inageuzwa chombo cha uji, kamba inanunuliwa, na Jumapili kijibwa anafika amebebwa kifuani kama mtoto mchanga. Maandalizi yamekwisha. Chanjo itangoja akue, au ingoje gari la halmashauri litakapopita na kipaza sauti. Nasema orodha hiyo imeanzia mkiani. Katika wilaya kama Kilosa, na zaidi katika mji wa Mikumi uliopakana na hifadhi, kitu cha kwanza kumwandalia mtoto wa mbwa ni kadi yake ya chanjo, na cha pili ni makubaliano na wenye milango mingine ya nyumba ile. Gunia na boksi havina haraka.

Tukisikia kichaa cha mbwa, wengi tunamwona dume kubwa linalozurura likitoka mate. Kijibwa mwenye tumbo la duara haingii katika picha hiyo, na hapo ndipo ugonjwa unapotupiga chenga. Mbwa wa kwetu hawadumu sana. Huzaliwa wengi na kufa wengi, kwa magari, kwa maradhi, kwa njaa, na nafasi zao hujazwa na wapya. Wataalamu wanasema walau mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Lakini ukichanja kijiji kizima mwezi wa sita mwaka huu, hadi mwezi wa sita mwakani sehemu kubwa ya mbwa wa kijiji hicho itakuwa ya wale ambao hawakuwa wamezaliwa sindano ilipopita. Kila uzao unapunguza ile 70 bila mtu kuona. Kama kinga ya mji ni wavu, kijibwa ndiye tundu lake, na tundu hilo huongezeka kila jike anapojificha nyuma ya ghala kuzaa.

Hesabu za ugonjwa wenyewe zinatosha kumwondolea mtu usingizi. Duniani hukadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliotumia kumbukumbu za majeraha ya kung'atwa, ulikadiria vifo vinavyokaribia 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vilivyoandikwa katika taarifa rasmi. Sababu ya tofauti hiyo haihitaji uchawi: mgonjwa akishaanza kuogopa maji hakuna tiba ya kumwokoa, hivyo familia nyingi humrudisha nyumbani na kifo hakiingii kwenye daftari lolote. Shirika la Afya Duniani linasema takribani wanne katika kila kumi wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Na ni nani katika nyumba ya kupanga anayemtia kijibwa kidole mdomoni, anayelala naye barazani, anayemvuta mkia? Kijibwa anayeota meno hung'ata kila kitu, kwa hiyo mkwaruzo wa jino lake kwenye kiganja cha mtoto hakuna anayeuhesabu kuwa jeraha. Mama anapaka mafuta, mchezo unaendelea.

Yapo mapingamizi, na la kwanza hutoka hata kwa wauzaji wa dawa za mifugo: huyu bado mdogo, mlete akifikisha miezi mitatu. Ni kweli karatasi za chanjo nyingi zimeandikwa hivyo. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu chanjo za halaiki unataka mbwa wote wachanjwe, pamoja na watoto walio chini ya miezi mitatu, na majaribio ya kuwachanja vijibwa wa wiki 11 kushuka chini yameonyesha kuwa miili yao hujenga kinga. Hofu ya kitaalamu ni kwamba kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama inaweza kuidhoofisha chanjo. Hofu hiyo ina mantiki kwa jike aliyechanjwa. Kwa jike wa mtaani ambaye hajawahi kuiona sindano, kijibwa hana urithi wowote wa kuivuruga chanjo. Kinachofaa ni kumchanja anapofika, kumrudia akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka kwa ratiba ya mtaalamu. Sindano ya ziada ni hasara ndogo. Wiki sita za kungoja katika mtaa wenye mbwa wasiojulikana ni kamari.

Pingamizi jingine ni la jokofu. Vijiji vingi vya Kilosa viko mbali na umeme wa uhakika, na chanjo, tunaambiwa, haivumilii joto. Hapa pia ushahidi umetangulia mazoea. Jaribio lililofanywa kwa mbwa wa hapahapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 lilipima chanjo ya kichaa iliyohifadhiwa miezi sita kwenye nyuzi joto 25, na nyingine miezi mitatu kwenye nyuzi 30, na zote zikafanya kazi sawa na iliyotoka kwenye ubaridi. Hilo halimpi bwana mifugo ruhusa ya kuzibeba chupa juani kwenye pikipiki kutoka asubuhi hadi jioni. Linaonyesha tu kuwa kuzifikisha chanjo hadi ofisi ya kata na kuzitunza humo kati ya kampeni moja na nyingine ni jambo linalowezekana, na kwamba "hatuna friji" si jibu la kumfungia mtu mazungumzo.

Turudi nyumbani, maana kadi peke yake haitoshi. Nyumba ya kupanga ya Kilosa ni vyumba kadhaa vinavyotazama ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya nguo na jiko la mkaa kila mlango. Mbwa ni wa mpangaji mmoja, ila meno yake na kinyesi chake ni vya ua mzima. Kijibwa asiyepewa dawa ya minyoo hutawanya mayai ya minyoo kwenye udongo uleule ambao watoto wa jirani wanapikia mapishi ya kitoto. Kama mbwa aliyetangulia alikufa kwa kuhara damu, huenda ilikuwa parvo, na virusi vyake huweza kukaa katika mazingira kwa miezi mingi. Boksi lake lichomwe na sakafu isuguliwe kwa dawa ya klorini, kwani sabuni ya kawaida haiviui. Kisha kuna sumu ya panya. Wilaya hii imezoea milipuko ya panya shamba, wale ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro wamewafuatilia kwa miongo mingi, na kaya nyingi hutega chambo chenye sumu karibu na mahindi yaliyohifadhiwa ndani. Kijibwa huokota chambo, au huokota panya aliyekwisha kula chambo. Kumwandalia nyumba maana yake ni kupita milango yote na kuuliza nani ameweka sumu wapi. Swali hilo halina aibu, na litawafaa watoto wa nyumba pia.

Zaidi ya hapo, wakubwa wote wa ua wajue jambo moja kabla kijibwa hajavuka kizingiti: jeraha la jino, hata dogo, huoshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha safari ya zahanati huanza siku hiyohiyo. Chanjo ya mtu baada ya kung'atwa huhitaji kurudi zaidi ya mara moja, na kwa anayekaa ndani ndani kila kurudi ni nauli na siku ya kibarua iliyopotea. Ulinganishe mzigo huo na sindano moja ya mbwa.

Mikumi hesabu inabadilika tena. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, iko mlangoni pa mji, na mpaka wake hausomwi na fisi wala na kijibwa mwenye njaa. Sheria inakataza kuingiza mbwa hifadhini, lakini ugonjwa haukati tiketi getini. Mwaka 1994 simba wapatao theluthi moja wa Serengeti, takribani 1,000, walikufa kwa distempa, ugonjwa ambao watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya kuzunguka hifadhi. Miaka michache kabla ya hapo, mbwa mwitu wa Serengeti walikuwa wametoweka, na kichaa kilikuwa kimethibitishwa katika baadhi ya makundi yao. Mikumi imeungana na nyika za Selous na Nyerere, ambako bado kuna kundi kubwa la mbwa mwitu kupita sehemu nyingi za Afrika. Kwa hiyo mwenye gesti, mama lishe au dereva anayepanga chumba kando ya barabara kuu ya Zambia, akimleta kijibwa bila chanjo ya kichaa na ya distempa, ameweka kibiriti karibu na nyasi kavu ambazo mji wote unakula kwazo. Na mbwa mwenyewe naye hana usalama huko. Chui humla, lori la usiku halimwoni, na mbung'o humwambukiza ndorobo, ugonjwa unaoweza kumfunika macho ukungu mweupe ambao wenyeji wengine huuchukulia kuwa kijicho cha mtu.

Hapo nitaambiwa: mbwa afungwe basi? Mbwa wa kufungwa halindi. Nadhani tunachanganya kufunga na kuzuia. Kumfunga mbwa kwa mnyororo mfupi tangu utoto kunamfanya mwoga na mkali kwa pamoja, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji amwepushe mnyama na mateso yasiyo ya lazima. Kinachohitajika ni uzio, hata wa mabanzi au wa matete yaliyosukwa vizuri, ili mchana abaki ndani na usiku azunguke ua. Mbwa hulinda mipaka anayoijua. Anayezurura hadi stendi analinda jalala. Tena umri kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ndio anapojifunza nani ni mtu wa nyumbani na nini hakimdhuru, kwa hiyo kijibwa aliyezuiwa uani akazungukwa na wapangaji anaowajua huja kuwa mlinzi bora. Nyumba isiyo na uzio, yenye mlango unaofungukia barabara ya malori, haifai mbwa. Ni jibu gumu kwa mtu aliyekwisha kuahidi watoto, lakini bora lisemwe kabla ya Jumapili ile.

Pingamizi zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la jirani Mwislamu, na halijibiwi kwa kumcheka. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Mgogoro wa uani kwa kawaida hauzuki kwa kuwapo kwa mbwa. Unazuka pale anapolamba ndoo ya maji ya udhu, au anapolala kwenye mkeka wa mwenzio. Mpangaji anayemleta kijibwa bila kuuliza amemhukumu jirani yake kuosha mara saba kila siku. Ndiyo maana ruhusa ya wenzako nimeiweka mara baada ya kadi. Mwenye haki ya kusema hapana ni pamoja na bibi wa chumba cha mwisho asiye na mbwa wala shida na wezi.

Wapo watakaosema haya yote ni kazi ya serikali. Nusu yake ni kweli. Pemba imeonyesha kampeni zikipangwa vizuri zinaweza kukifikisha kisiwa mahali pa kutokuwa na kichaa: maambukizi yalikatika mwaka 2014, yakaingia tena 2016, yakakatika tena 2018. Lakini huko kuingia tena ndiko kunakonipa hoja. Kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliponyokwa, sembuse Kilosa yenye reli ya zamani, barabara pande zote, wafugaji wanaohama na mbwa wao, na tangu 2024 kituo cha treni ya SGR inayokwenda Dodoma. Lengo la dunia la kumaliza vifo vya kichaa kitokanacho na mbwa limewekwa mwaka 2030, na kila Septemba 28 tunaiadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa kwa mabango. Halmashauri ingefanya jambo lenye faida kuliko bango kama ingehakikisha bwana mifugo wa kila kata ana chanjo mkononi mwaka mzima, ili kijibwa aliyezaliwa Novemba asingoje Septemba.

Kwa wenye nyumba pia kuna la kufanya, tena halina gharama. Mikataba ya kupanga ya Kilosa na Mikumi, ile ya karatasi moja yenye sahihi ya shahidi, hutaja kodi, umeme, maji na taka. Iongezwe mistari miwili: mpangaji hataleta mbwa bila wapangaji wenzake kukubali, na kadi ya chanjo itaonyeshwa kwa mwenye nyumba siku mbwa anapoingia, kisha kila mwaka pamoja na kodi ya Januari.