Mtoto wa Mbwa Akojoaye Ndani Asipigwe Upesi

Mtoto wa mbwa wa miezi mitano, aliyekwisha kujifunza kwenda haja nje, huanza ghafula kukojoa jikoni, na hata juu ya gunia alalalo. Mwenyewe hukasirika, humsugua pua katika mkojo ule, kisha humchapa. Huenda anamchapa mgonjwa.

Dalili zake si za kufichika. Mbwa huchutama mara kwa mara akatoa matone machache tu, hulia akikojoa, hujilamba sana, na mkojo huwa na harufu kali au damu. Hayo huwa ni maradhi ya njia ya mkojo. Mara nyingi huletwa na vijidudu viitwavyo Escherichia coli, ambavyo makao yake ni matumboni. Hutoka pamoja na mavi, vikapanda hata kibofuni. Majike hupatwa zaidi kuliko madume, kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi.

Wengine humnyima mbwa maji tangu alasiri ili nyumba isilowe. Kosa hilo lapita lile la fimbo, maana mkojo mwingi ndio uoshao kibofu. Apewe maji safi mchana na usiku, na kufunguliwa mlango mara nyingi. Mtoto wa mbwa, hata akiwa mzima, hawezi kujizuia saa nyingi.

Kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na mkojo wake. Kuukinga si kazi ngumu kama watu wadhanivyo. Asubuhi anapotolewa nje, aachwe aanze kukojoa, ndipo sahani safi, kavu, isiyo na sabuni, iingizwe chini yake taratibu. Mkojo utiwe katika chupa safi na kufikishwa upesi, usije ukaharibika njiani.

Dawa aliyoandika daktari itolewe hata mwisho, ijapokuwa mbwa ameanza kurukaruka siku ya pili. Dawa za maumivu za binadamu, kama ibuprofeni, asipewe kabisa, zaweza kumwua.

Maradhi yakirudi kila mara, au jike akidondosha mkojo mchana kutwa tangu udogo wake, huenda mrija utokao katika figo haukuingia kibofuni mahali pake. Kasoro hiyo haiponi kwa vidonge. Mara nyingi hutengenezwa kwa kupasuliwa. Na mbwa ajikamuaye asitoe hata tone asingojewe mpaka kesho. Apelekwe saa ile ile.