Mzazi na Mtoto: Njia ya mshahara mkubwa inapitia kalasi ya nane



Katika jamaa nyingi za Kama, za Kalima, za Kampene na popote penye mashimo ya madini, kuna neno ambalo mtoto wa miaka 14 anamwambia baba yake siku ya kulipa masomo: «Papa, masomo inanipa nini? Mi ku shimo niko napata franga. Mwalimu mwenyewe anakuja kwetu kukopa chumvi.»

Baba mara nyingi ananyamaza. Ananyamaza kwa sababu mtoto hakusema uongo. Mwalimu kweli anakopa, na kijana aliyeshuka shimoni siku ya tatu ya juma anaweza kuvaa viatu vipya siku ya Mungu. Basi mwezi huu tusimjibu mtoto kwa hasira wala kwa fimbo. Tumjibu kwa hesabu. Ni kazi gani zinazolipa vizuri kweli? Zinaomba nini? Na njia yake inaanzia wapi?

Nani analipwa, na kwa nini?

Tufuate gunia moja la kasiterite. Kijana amelichimba kwa mikono yake. Mbele ya kuona franga, kwanza PDG wa shimo anakata sehemu yake. Yule aliyemkopesha unga na koleo naye anakata. Kisha kuna mbebaji, kuna negosia, kuna kontwari. Na bei yenyewe haipangwi Kama wala Kindu. Inapangwa ng'ambo, ku soko la London, ambako hakuna mtu anayejua jina la kijana wetu.

Katika watu hao wote, nani amefanya kazi ngumu kupita wengine? Mchimbaji. Nani amepata kidogo? Ni yeye tena. Hii si ajali. Soko halilipi jasho. Linalipa kitu ambacho hakipatikani upesi. Mchimbaji akiugua leo, kesho asubuhi vijana kumi wenye nguvu wako tayari kushika koleo lake. Lakini mtu anayejua kusoma mawe na kusema madini yanapita wapi, hapatikani ku kila kijiji. Vilevile injeniere anayepiga hesabu ili njia ya chini isianguke juu ya watu. Vilevile fundi wa umeme, fundi wa mashine kubwa, mpimaji wa ardhi, mshika hesabu wa shirika, munganga anayepasua. Wakikosea, hasara ni kubwa na hata watu wanakufa. Ndiyo sababu wanalipwa.

Mfano uko karibu. Huko Bisie, upande wa Walikale, maelfu ya watu walichimba kasiterite kwa mikono kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2019 katika eneo lile lile la Bisie shirika linachimba kwa mashine, chini ya ardhi, na kiwanda kinasafisha madini palepale. Kasiterite ni ile ile. Kilichobadilika ni aina ya watu wanaotafutwa. Mwenye kuandika watu kazi haulizi tena «una nguvu?» Anauliza «unajua nini, na karatasi yako iko wapi?»

Mizani nayo inaomba masomo

Mtoto akisema kwamba masomo hayasaidii ku shimo, mpe hesabu hii. Kontwari hainunui mchanga, inanunua bati iliyo ndani yake. Gunia la kilo 50 lenye teneri ya 60 kwa mia lina kilo 30 za bati. Likiwa na teneri ya 70 kwa mia, lina kilo 35. Kilo tano zote zinapotea kama muuzaji hajui maana ya «kwa mia» na anakubali kila neno analoambiwa. Na hesabu ya «kwa mia» inafundishwa ku masomo ya msingi, na mwalimu yule yule anayekopa chumvi.

Ni haya kwamba mwalimu halipwi vizuri, na hilo ni shauri la wakubwa wa inchi. Lakini yule mwenye mizani, nani alimfundisha kusoma mizani?

Shimo linafungwa, ujuzi unatembea

Wazee wetu wanakumbuka. Tangu miaka ya 1930 makampuni ya Wabelgiji yalichimba kasiterite katika Maniema. Mwaka 1976 yaliunganishwa yakawa SOMINKI. Watu walidhani kazi ile haitakwisha. Mwezi wa kumi mwaka 1985 bei ya bati ilianguka ulimwenguni kote, na SOMINKI ikaanza kulegea mpaka ikafa. Mwaka 1997 mali yake ilipita kwa SAKIMA. Karibu nasi tena, kiwanda cha zahabu cha Namoya, katika teritware ya Kabambare, kilianza kazi yake kamili mwaka 2016, na mwaka 2019 kikasimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Hata Bisie, mwezi wa tatu mwaka 2025, vita viliwalazimisha wafanyakazi kuondoka kwa muda.

Haya yote yanatufundisha kitu kimoja. Madini ni ya mahali pake. Bei ikianguka au bunduki zikilia, shimo linabaki pale na mwenye shimo anabaki mikono mitupu. Lakini fundi wa umeme anabeba umeme wake kichwani. Anaweza kwenda Kindu, Bukavu, Kolwezi au Doko, na atapata pa kuanzia.

Njia yenyewe ni ndefu kiasi gani?

Wazazi wengi wanafikiri kwamba njia ya injeniere au ya munganga inaanzia ku chuo kikuu. Sivyo. Leo katika inchi yetu mtoto anafanya miaka 6 ya msingi, kisha kalasi ya saba na ya nane. Baada ya kalasi ya nane ndipo njia zinaachana: anachagua seksio, na anaifuata miaka 4 mpaka Egzamen d'État. Seksio hiyo ndiyo mlango. Mtoto aliyekimbia hesabu siku ile, akikuja kutaka kuwa injeniere akiwa na miaka 20, atakuta wenzake wako mbele sana.

Sasa angalieni miaka ya mtoto: kalasi ya saba na ya nane ni wakati wa miaka 12 mpaka 14. Ndio wakati ule ule mashimo yanapomwita! Mtoto akishuka shimoni kwa miaka miwili tu, hapotezi miaka miwili. Anapoteza mlango. Tena sheria haimruhusu: kadi ya mchimbaji inapewa mtu mzima peke yake, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumtia katika kazi ya kumuumiza.

Baada ya diploma, hesabu inaendelea. Injeniere wa madini anasoma kama miaka 5 ku chuo kikuu. Mahali panapojulikana zaidi kwa masomo hayo ni Lubumbashi, na wana wa Maniema wameikamata njia hiyo tangu zamani, hata kwa reli inayomalizika Kindu. Munganga anasoma si chini ya miaka 6, na akitaka kuwa mtaalamu wa kupasua au wa wamama, anaongeza mingine. Kupata 50 kwa mia ku egzamen kunatosha kwa diploma, lakini kwa masomo yanayotafutwa na wengi, 50 mara nyingi haitoshi.

Kumbukeni Munganga Denis Mukwege wa Bukavu, mtoto wa mchungaji. Alizaliwa mwaka 1955. Alianza kwanza masomo ya uinjeniere Kinshasa, akaona si njia yake. Mwaka 1976 alikwenda Burundi kuanza masomo ya uganga, akamaliza mwaka 1983, akiwa na miaka 28. Halafu akaenda Ufaransa kujifunza uganga wa wamama. Hospitali ya Panzi ilianza mwaka 1999, na Tuzo ya Nobel ya Amani alipewa mwaka 2018. Mtu wa miaka 28 aliyekuwa bado ku masomo, hapa kwetu wangemcheka: «Huyu ataoa wakati gani?» Basi wazazi, msihesabu mtoto wenu kwa viatu alivyovaa akiwa na miaka 16.

Na watoto wa kike?

Kuna jamaa ambako franga zikipunguka, wa kwanza kutolewa ku masomo ni binti. Msikie habari ya Mama Sandrine Mubenga. Akiwa msichana wa miaka 17 huko Kikwit aliugua tumbo vibaya, akahitaji kupasuliwa, na hospitali haikuwa na umeme. Alingoja huku hali yake ikizidi kuwa mbaya. Alipopona alitaka kujua umeme. Leo ni injeniere wa umeme na mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, na ameanzisha shirika linalosaidia vijana Wakongo kulipa masomo ya sayansi. Hesabu haiangalii kama aliyeshika kalamu ni kijana au binti.

Njia fupi zipo, na si za aibu

Si kila mtoto atakuwa munganga, na si kila jamaa inaweza kulipa miaka mingi. Seksio za ufundi, kama vile umeme, mekanike na ujenzi, zinampa mtoto kazi ya mikono pamoja na diploma. Mtu anayejua kuunganisha vyuma vizuri, kutengeneza pompi na motere, au kuendesha mashine kubwa, analipwa kuliko wengi wenye tai shingoni. Tena sheria ya mwaka 2017 inataka makampuni makubwa yanapotoa kazi ndogo ndogo, wazipe makampuni ya Wakongo. Fundi watano wenye karatasi safi na hesabu safi wanaweza kuungana na kuomba kazi hizo.

Lakini tusidanganyane: diploma peke yake si kazi. Inchi yetu ina vijana wengi wenye diploma ambao wanakaa tu. Mara nyingi kinachowakosa ni vitu vinne: Kifaransa cha kuandika barua bila makosa, Kiingereza kidogo, kwa maana mashirika mengi ya madini yanakitumia ku biro, kompyuta, na staji, ni kusema kukubali kufanya kazi kwa franga kidogo ili kujifunza. Ongezeni kimoja ambacho hakifundishwi ku kalasi: kuaminika. Mtu anayefika saa yake na asiyegusa kitu cha mwingine, mkubwa wa kazi hamsahau.

Mzazi afanye nini?

Bwana Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza akae chini ahesabu gharama. Masomo ya mtoto ni mnara. Tukae chini.

Kwanza, shimo lilipe masomo, lisile masomo. Baba anayechimba si adui wa masomo. Franga zake zinaweza kuwa tajiri ya mtoto. Lakini fungu la masomo litoke siku ile ile ya kuuza, mbele ya bia na mbele ya deni la duka, na alishike mama au likae ku likelemba.

Pili, mwone mwalimu wa hesabu. Usingoje barua ya prefe. Uliza: «Mwana wangu anaanguka wapi?» Mtoto aliyeanguka ku hesabu ya kalasi ya saba anaweza kuinuliwa bado.

Tatu, kalasi ya nane ikikaribia, zungumzeni seksio nyumbani, pamoja na mtoto. Asichague kwa kufuata rafiki, wala mzazi asichague kwa ajili ya sifa yake mwenyewe.

Nne, mwalimu wa watoto wetu asiaibishwe. Kijiji kinachomcheka mwalimu kitamkuta siku moja shimoni akichimba, na kalasi itabaki na ubao mtupu.

Na wewe kijana unayesoma ukurasa huu pamoja na matope ku miguu: hatukudharau. Kama una miaka 15 na umeacha, rudi. Mwaka mmoja uliopotea unauma, lakini mlango haujafungwa. Na kama una miaka 25 na una watoto, usirudi peke yako: tuma mtoto wako, na ujifunze naye jioni hesabu ya «kwa mia». Juma lile lile itakusaidia ku mizani.

Mshahara mkubwa si dhambi, na si Mungu vilevile. Ni chombo. Tunaomba kwamba watakaoupata watoke katika nyumba zetu, na wakumbuke walikotoka.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa

1. Mara ya mwisho tulipouza, franga zilikwenda wapi kwanza?
2. Mtoto wetu wa kalasi ya saba au ya nane, ni somo gani linalomshinda? Nani hapa kijijini anaweza kumsaidia?
3. Kama shimo letu likifungwa mwaka ujao, kila mmoja wetu anajua kazi gani nyingine?
4. Tunawatendea mabinti wetu sawasawa na wavulana wakati franga zinapopunguka?