Daftari la Marhumu Ndani ya Diski



Juma lililopita tulikuwa Nairobi, mtaa wa Kawangware, kwa mpwa wetu aliyefiwa na mumewe. Yumo edani, hatoki ila kwa dharura. Marhumu alikuwa na duka la nafaka, na madeni yake yote, aliyowadai watu na aliyodaiwa, aliyaandika katika kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Nanyi mwajua kwamba mirathi haigawanywi kabla deni la maiti halijalipwa. Sasa kompyuta imekataa. Ikiwashwa huandika maneno meupe juu ya kioo cheusi kwamba kuisoma diski kumeshindikana, kisha humtaka mtu abonyeze vitufe vitatu ianze upya.

"Mjomba," akatuambia, "nabonyeza tangu Jumatatu. Siku moja ilikubali, ikafika nusu, ikaganda."

Kumbe huko kubonyeza ndiko kulikokuwa kukiimaliza. Ndani ya diski ngumu mna visahani vinavyozunguka, katika kompyuta nyingi za mezani, mara 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Kichwa kikigusa kisahani hukwaruza, na kila kuwasha upya ni kumwendesha mgonjwa mbio. Diski ikianza kusema ka-ka-ka, mama, izime, na umeme uuchomoe ukutani.

Kijana wa jirani, kwa nia njema, alitaka kuifomati ili aweke Windows mpya. Mwingine akashauri programu ya kukarabati iitwayo chkdsk. Hiyo ya pili ni dawa ya kweli, nasi tumeitumia mara nyingi umeme ukikatika ghafla na mpangilio wa faili ukavurugika. Lakini diski iliyo mbovu mwilini hulazimishwa nayo kusoma pote pale pasiposomeka, nayo programu huandika juu ya diski ile ile huku ikitengeneza. Faili lililokuwa na tumaini huweza kupotea hapo hapo.

Tukaifunga kompyuta kwa khanga mbili, tukashuka nayo hadi Makina, Kibera, kwa fundi mmoja mtoto wa Kinubi, karibu na soko la Toi. (Wazee wake ni katika wale askari wa Kisudani waliokaa hapo palipokuwa msitu, na msitu ndiyo maana ya neno Kibra kwa lugha yao.) Hakuiwasha. Aliuliza kwanza: "Sheikh, mnataka kompyuta ipone, au mnataka kilichomo?" Tukamwambia kilichomo. Akasema basi kompyuta tuisahau kwa leo.

Alifungua ubavu, akapangusa vumbi, akabadilisha kebo inayoiunganisha diski na ubao mkuu. Kebo ikilegea au ikizeeka huleta ujumbe ule ule, na bei yake ni ndogo, kwa hiyo ni haki ianze kushukiwa. Ujumbe haukuondoka. Akaichomoa diski, akaitia katika kompyuta yake inayotumia Linux, akasoma kumbukumbu ambayo diski hujiwekea yenyewe: sekta ngapi zimehamishwa kwa ubovu, ngapi zinasubiri hukumu, na makosa mangapi yametokea njiani katika kebo. Makosa ya kebo yalikuwa machache. Sekta zilizosubiri zilikuwa nyingi mno. Ugonjwa ulikuwa wa diski yenyewe.

Ndipo akaleta diski nyingine kubwa kuliko ile, akaanza kunakili kwa programu iitwayo ddrescue. Hiyo huchukua kwanza yote yanayosomeka kwa wepesi, ikaruka pabovu, kisha ikarudi huko mwishoni polepole, huku ikiandika ilipofika. Tuliona faida yake baada ya alasiri, umeme ulipokatika Makina nzima. Uliporudi, kazi iliendelea pale ilipoachia. Tukamuuliza habari ya kuitia diski katika friji, jambo tulilolisikia kwa watu. Akacheka. Unyevu, alisema, utaua hata kile kilichobaki. Na kifuniko cha diski hakifunguliwi nyumbani, kwani punje moja ya vumbi kwa kichwa kile ni jiwe.

Tulilala kwa jamaa. Alfajiri nakala ilikuwa tayari, na ile chkdsk iliyokatazwa jana sasa ikatumiwa juu ya nakala, ambako haikuwa na cha kuharibu kisichoweza kurudiwa. Picha nyingi za harusi zilifunguka, chache zikawa kijivu nusu. Faili la hesabu za mwaka huu lilikataa kabisa. Lakini marhumu, Mungu amrehemu, alikuwa na mazoea ya kuhifadhi nakala katika folda ya pili, na hiyo ilifunguka ikiwa pungufu ya miezi miwili.

Mpwa wetu sasa anayanukuu majina katika daftari la mistari, anayedaiwa upande huu, anayedai upande ule, na faili lenyewe tumelitia katika flashi mbili. Moja tumeondoka nayo. Miezi miwili iliyosalia tunaitafuta kwa kuuliza mlango kwa mlango. Wa kwanza alikuwa mama muuza chapati, aliyekuja mwenyewe kabla hatujamfikia, akasema anadaiwa unga magunia mawili na hajui kama marhumu aliandika.