Wafanyakazi wanne wa kufua nguo

Siku ya kufua ni siku nzito katika nyumba. Mama huinama juu ya beseni tangu asubuhi. Jioni mgongo wamwuma, na vidole vimechubuka. Ndiyo maana jamaa nyingi za mjini hutamani kununua mashini. Leo twataka kueleza jinsi mashini inavyofua, kwani ajuaye jambo hilo atapata faida hata kama hana mashini.

Nguo haitakati kwa nguvu peke yake. Mwaka 1959 mtaalamu mmoja Mjerumani, Herbert Sinner, alieleza kwamba kufua ni kazi ya wafanyakazi wanne: sabuni, joto la maji, nguvu ya kusugua, na muda. Ukimpunguzia mmoja kazi, sharti wengine waongezewe.

Mashini za kwanza za umeme zilimsaidia mama kwa nguvu tu. Huko Marekani, Alva Fisher alipata hati ya serikali kwa mashini ya namna hiyo mwaka 1910. Umeme uligeuza nguo ndani ya pipa, lakini mama hakuweza kwenda zake. Katika mashini nyingi za zamani alipaswa kuingiza nguo moja moja katikati ya magogo mawili ya mpira ili zikamuliwe. Ole wake aliyesahau kuondoa vidole! Tena maji yale yale yalitumika mara nyingi: kwanza nguo nyeupe, kisha za rangi, mwisho nguo za kazi. Mwaka 1937 ikatokea mashini ya Bendix, iliyofua, kusuuza na kukamua yenyewe. Lakini ilitikisika sana, hata ikabidi kufungwa sakafuni kwa parafujo.

Mashini za sasa zenye mlango mbele huinua nguo na kuziangusha majini tena na tena. Hutumia maji machache, na nyingi hukamua kwa kuzunguka zaidi ya mara 1000 kwa dakika. Hata hivyo watu hunung'unika: «Mbona mashini mpya yachukua saa tatu, na ile ya zamani ilimaliza upesi?» Jibu ni lile la wafanyakazi wanne. Sehemu kubwa ya umeme hutumika kupasha maji moto. Basi mafundi wamepunguza joto, na badala yake wameongeza muda. Huo si uvivu wa mashini.

Mwenye mashini asiishindilie nguo. Aache juu nafasi ya kupitisha mkono, ili nguo zipate kuanguka. Asitie sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono, maana povu jingi huzuia nguo zisipigike vizuri. Akimaliza, aache mlango wazi, pipa likauke, lisinuke.

Na asiye na mashini, au aliyekatikiwa umeme? Huyu naye anao wafanyakazi wanne, na mmoja wao, yaani muda, hauuzwi dukani. Nguo za kazi ziloweke kwanza katika maji ya sabuni, muda wa saa moja au zaidi, kabla ya kuzigusa. Uchafu utalegea wenyewe, na kusugua kutapungua. Nguo nyeupe ziwekwe mbali na zile zinazotoa rangi. Doa la damu lioshwe kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huligandisha katika nguo.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Katika nyumba nyingi mfanyakazi yule aitwaye nguvu ni mwili wa mama, naye hana wa kumpokea. Mashini haichoti maji kisimani, wala haianiki nguo. Basi baba na vijana wasingoje mashini ndipo mama apumzike. Kijana mwenye afya aweza kuchota maji. Watu wawili, kila mmoja akishika upande wake, hukamua blanketi upesi kuliko mtu mmoja. Na mwanafunzi ajuaye kusoma na kuandika hashindwi kufua shati lake la shule siku ya Jumamosi.

Tuanze juma hili. Jioni kabla ya siku ya kufua, watoto wajaze mapipa maji. Mama ataona tofauti asubuhi.